Siku Mbili Nilizomficha Mama

Hoteli tuliyofikia Bangkok ilikuwa na ghorofa tano na lifti moja, na lifti yenyewe ilikuwa na mazoea ya kusimama ghorofa ya pili hata kama hakuna aliyeiita. Mlango unafunguka, nje hakuna mtu, unajifunga, safari inaendelea. Baba akasema labda inampakia malaika. Mama akamjibu kwamba malaika hawapandi kitu kichafu namna ile. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza, tulipokuwa bado watatu.

Sisi ni watu wa Ibra, Omani, katika wale tuliorudi kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini tukiwa na masanduku machache na Kiswahili kingi. Baba alipata ukarani serikalini, kaka yangu akaajiriwa Nizwa, mimi nikawa mwalimu wa Kiingereza katika skuli ya wasichana. Katikati ya miaka ya themanini baba akaugua ini. Madaktari wa Maskati walifanya waliloweza, na wakati huo watu wa kwetu walishaanza kuisifu Bangkok kama walivyokuwa zamani wakiisifu Bombay: fulani kaenda amebebwa, karudi anatembea. Ikaamuliwa tumpeleke. Mama hakuweza kumwacha mumewe, na kati yao hakuna aliyejua Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeachika, sina mtoto. Mwanamke wa aina hiyo katika ukoo hapangi safari zake, hupangiwa. Kaka akatukatia tiketi, akanipa barua za hospitali na mawaidha ya njia nzima.

Tulichukua hoteli ya bei nafuu kwa sababu hatukujua tutakaa muda gani. Chumba kilikuwa na vitanda vitatu vilivyobanana, kabati lisilofunga, na dirisha lililotazama ukuta wa jumba jingine, karibu hata ungeweza kuugusa. Kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya ndoo, na kila asubuhi ndoo ilikuwa imejaa. Nyuma palikuwa na mfereji. Tukifungua dirisha harufu yake inaingia, tukifunga inabaki ndani.

Mbele ya hoteli kulikuwa na kijumba kidogo juu ya nguzo, ambamo wenyewe huiwekea mizimu yao chakula, na siku hiyo palikuwa na chupa ya soda nyekundu iliyotiwa mrija kabisa. Mama akasimama akaitazama.

"Mizimu ya huku ina adabu," akasema. "Hainywi kwa mdomo wa chupa."

Alichokipenda pale ni choo, kwa sababu alikuta pipa la maji na kata. Watu wenye kata chooni, alisema, hawawezi kuwa watu wabaya. Kibla alikitafuta baba mwenyewe kwa jua la alasiri, akatuonyesha, ikawa tunasali tumelielekea kabati. Kichochoro cha pili kulikuwa na mkahawa wa Waislamu, mwenyewe mzee wa pale pale aliyejua Kiarabu cha msikitini. Mama aliuonja wali wake wa manjano na kuku, akasema biriani hii imepikwa na mtu aliyesimuliwa biriani. Lakini alikula.

Siku ya tatu baba akalazwa. Mwanzo tulikwenda sote wawili kila siku. Kisha akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, na huko aliruhusiwa kuingia mtu mmoja tu, kwa dakika chache, na madaktari walimtaka yule anayejua Kiingereza. Mama akawa anabaki hotelini. Nikirudi ananihoji kama polisi: kafumbua macho? kasema nini? kakutaja wewe au kanitaja mimi? Nilikuwa namjibu kweli tupu. Mpaka hapo nilikuwa sijamdanganya mama yangu katika jambo lolote kubwa, na nilikuwa nikijivunia hilo.

Jumanne, saa nne ya asubuhi, muuguzi alinipeleka kwenye chumba cha pembeni badala ya kitandani kwa baba. Nilijua kabla hajasema. Baba alikuwa amefunikwa shuka ya kijani. Nikamfunua uso, nikamsomea nilichoweza, na kabla machozi hayajakauka, nasema kweli, fikra iliyonijia haikuwa ya baba. Ilikuwa ya mama. Akijua akiwa hapa, hatatoka hapa.

Lazima nieleze. Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hukaa ndani, hatoki ila kwa dharura, hajitii manukato wala wanja wala hina. Kwa Kiswahili cha Unguja tunamwita kizuka. Hilo halina mjadala. Lakini mama alikuwa na kisa chake: mama yake mdogo alikwenda Pemba arusini, khabari ya kifo cha mumewe ikamkuta huko huko, naye akakaa eda yake nzima katika nyumba ya watu, kwa kuwa alifundishwa kwamba eda hukaliwa pale khabari ilipokukuta. Wenye arusi wakamlisha miezi minne. Mimi na kaka tumekisikia kisa hicho tangu tukiwa watoto, na mama alikuwa akikisimulia kwa sauti ya heshima. Na mama yangu akishikilia jambo, hata tingatinga halimng'oi.

Basi nikamwona katika chumba kile miezi minne na siku kumi, amekaa karibu na ndoo, uso umeelekea ukuta wa jirani, na mimi nikimletea wali wa manjano. Viza zetu zilibakiwa na siku sita. Sukari yake ilikuwa imeshaanza kupanda kwa wasiwasi na chakula cha ovyo. Niliogopa nisimpoteze na yeye.

Nikampigia kaka simu kutoka mapokezi ya hoteli, mama yuko juu. Alikuwapo dada wa mapokezi, na mwanamke wa makamo wa kazi za usafi akifuta ngazi. Nilisema Kiswahili, nikalia mbele yao, na nadhani walielewa yote.

Nikamsikia kaka akisema inna lillahi, kisha sauti yake ikawa ya mtu wa ofisini.

"Sikiliza, ya okhti, dada yangu. Azikwe huko huko, leo. Kumleta huku ni makaratasi siku na siku. Na mama usimwambie."

"Nisimwambie vipi? Mumewe!"

"Unamjua mama. Akisikia hapo, khalas, hatoki. Mlete Ibra kwanza. Tutamwambia akiwa na watu wake."

"Na mimi nimwambie nini?"

"Chochote. Wewe si mwalimu?"

Nimemlaumu kaka miaka mingi kwa neno lile. Lakini haki yake nimpe: alisema nilichokuwa nataka kukisikia.

Mzee wa mkahawa ndiye aliyesimamia yote, na hakuniuliza hata swali moja. Akaita watu wa msikiti wake, wakaja na gari ndogo ya mizigo, wakamwosha, wakamkafini, wakamsalia baada ya alasiri. Kwetu wanawake hawafuati jeneza, kwa hiyo nilisimama kwenye lango la makaburi nikatazama migongo ya wanaume nisiowajua ikimpeleka baba yangu mpaka ikapotea nyuma ya miti. Mzee aliporudi alinipa pole kwa Kiarabu cha kitabu, kila neno na irabu yake ya mwisho. Nikataka kucheka, na nikaona aibu.

Nikanawa uso mara tatu kwenye bomba la mkahawa, nikapanda juu. Mama alikuwa anasali. Akatoa salamu, akageuka.

"Umechelewa leo. Babaako kala?"

"Kala kidogo."

"Kala nini?"

"Supu."

"Ya nini?"

"Ya kuku, mama."

Akamshukuru Mungu, akaniuliza kama waliitia ndimu. Ndivyo ulivyo uongo, ukishautoa unaulizwa mpaka viungo vyake.

Nikampa na ule mkubwa papo hapo, nisije nikakosa ujasiri. Nikamwambia madaktari wameridhika, baba atarejeshwa Maskati wiki ijayo amelala, na muuguzi pembeni yake. Ndege hiyo haina nafasi yetu. Kaka ameshatupatia nafasi Alkhamisi, tutangulie tukaitayarishe nyumba. Nilijiweka tayari kwa mabishano. Hayakuwapo. Alifurahi, uso ukamng'aa mpaka nikashindwa kuutazama, akaanza kupanga kitanda cha baba kiwekwe chumba gani ili asipande ngazi.

Jumatano ndiyo siku ninayotamani ingefutika. Asubuhi mama alitaka kwenda hospitali kumuaga. Nikamwambia hawaruhusu. Akataka asimame mlangoni tu, amwone kwa mbali. Nikamwambia hawaruhusu hata hilo. Basi akaazima pasi ya hoteli, akapiga pasi dishdasha ya baba, kanzu yake ya Kiomani, juu ya kitanda, akaikunja vizuri, akanipa nimpelekee, asije akasafiri na nguo za hospitali kama mtu asiye na mke. Nikashuka nayo. Nikazunguka kichochoro mara mbili nimeikumbatia, kisha nikampa mzee wa mkahawa. Akaipokea.

Niliporudi nikamkuta yule mwanamke wa usafi mlangoni kwetu. Alikuwa amemletea mama shada dogo la asumini, la namna wanayouza barabarani, zimetungwa kwa uzi. Alilishika kwa mikono miwili, ameinama. Alikuja kutoa pole. Mama akalipokea kwa bashasha, akalinusa, akalibandika kifuani kwa pini kama kikuba, vile wake wa Unguja wanavyojipambia waume zao. Yule mwanamke akanitazama. Sikujua lugha yake, na hata ningeijua sijui ningemwambia nini.

"Wamesikia babaako anatoka," mama akasema. "Watu wazuri hawa."

Kisha akafungua sanduku akatoa kopo la hina. Hakusafiri bila ya hina yake, iliyosagwa nyumbani.

"Njoo unipake. Tukifika Ibra wageni watajaa, sitopata nafasi. Mtu hatoki hospitali akamkuta mkewe mikono mitupu kama kizuka."

Nikamwambia nimechoka.

"Nimekuomba nini tangu tumekuja?"

Ilikuwa kweli, hakuwa ameniomba kitu. Nikasema mashuka ya watu yatachafuka. Akasema tutatandika magazeti. Hapo ndipo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili tu, na sentensi yenyewe ina maneno mawili. Sikuisema. Nikaichanganya hina kwa chai ya rangi ndani ya gilasi ya kupigia mswaki, nikakaa chini, nikamshika mama mkono.

Nilimpaka vidole vyote, kimoja kimoja, na duara katikati ya kila kiganja, kama alivyopenda. Mimi nina mkono mzuri wa hina, Ibra wote wanajua. Siku ile haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Yeye akawa ananisimulia arusi yake, jinsi baba alivyokuwa na haya hata hakuweza kumtazama usoni, akawa anaitazama mikono yake tu. Akacheka sana. Nilikuwa nampamba mjane. Mungu alijua, mimi nilijua, na mwanamke wa usafi alijua. Nikamfunga mikono kwa mifuko ya plastiki ya hoteli, ile ya kutilia nguo chafu, akakaa kitandani akingoja hina ishike. Taulo tulilopangusia lilibaki na madoa mekundu yasiyotoka.

Alkhamisi tukaondoka. Kaka alitupokea uwanjani Maskati na macho yamevimba, akasema ni vumbi. Mama akamwambia atie wanja, vumbi halitamsumbua. Njia nzima hadi Ibra alizungumza yeye peke yake: godoro, mito, nani apike mchuzi mwepesi, nani azuiwe asije kwa sababu ana maneno mengi. Kaka aliendesha hakugeuka hata mara moja.

Tulipofika, mlango wa nyumba ulikuwa wazi na mbele yake viatu vya wanawake, safu kwa safu. Mama akashuka, akasimama. Mficha maradhi, kilio humfichua, na sisi kilio tulikiweka wenyewe mlangoni kwetu. Hakupiga kelele. Akanigeukia mimi, si kaka.

"Lini?"

"Jumanne."

Nikaiona midomo yake ikihesabu: Jumanne, Jumatano. Halafu akaitazama mikono yake. Akaivuta shela mpaka ikafunika vidole, akaingia ndani.

Lakini msibani watu hushikana mikono. Wa mwanzo alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Wakakumbatiana, wakalia, kisha shangazi akamshika mikono yote miwili, na shela ikarudi nyuma. Hina ilikuwa imekolea vizuri sana, nyekundu inayoelekea weusi.

"Hina hii ya lini?" shangazi akauliza. Hakuuliza kwa ukali, alishangaa tu.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na mikoba. Nilifungua mdomo, na mama akanitangulia.

"Nimejipaka mwenyewe jana. Nilichoka kukaa bure."

Hakusema kwamba alikuwa hajui. Angesema hajui, wangeuliza kwa nini hakuambiwa, na ni nani aliyekuwa naye. Kila mwanamke mle ndani aliona kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa nadhifu sawasawa na wa kushoto, na hakuna anayeweza kujipaka mkono wa kulia hivyo. Mbele yetu hawakusema kitu. Walikwenda kusema kwengine, na yakarudi kwetu kama yanavyorudi maneno ya Ibra: mumewe anazikwa, yeye yuko hotelini anatia hina.

Akakaa eda yake. Nilimpelekea chakula, nikampima sukari, nikamsomea barua za pole zilizotoka Unguja. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Alinijibu kila kitu na hakuniuliza kitu. Nilitamani anitukane. Hina ya ngozi iliondoka baada ya wiki mbili tatu, lakini ya kucha haiondoki, hukua pamoja na kucha. Kila Ijumaa alizikata, na kila Ijumaa wekundu ulikuwa umepanda kidogo. Kila aliyekuja kumtazama aliuona, na yeye akawa anakaa nao amekunja ngumi ndani ya kanga.

Siku ya kutoka eda, asubuhi, kabla wanawake hawajafika, nilimtilia maji ya kuoga. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akaanza kusema, kama anayeendelea na mazungumzo ya jana.

"Ungeniambia. Ningevaa buibui langu, tungekwenda pamoja, ningemtazama uso, ningemwambia nimekuwia radhi, nawe niwie. Baada ya hapo ungenipeleka utakapo."

"Na eda, mama?"

"Eda imefanya nini?"

"Hukaliwa khabari inapokukuta. Tulidhani hutotoka pale."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Miezi minne? Kwenye nyumba ya wageni, na wanaume wanapita mlangoni? Mimi mwendawazimu?"

"Mama yako mdogo..."

"Ya mama mdogo ni ya mama mdogo. Wewe uliniuliza mimi?"

Sikumuuliza. Wala kaka hakusema nimuulize. Tulikuwa tunamjua mama yetu sana, tukaona hapana haja. Nikapiga magoti pale chini, nikamshika miguu.

"Niwie radhi, mama."

"Nimekuwia," akasema, na nilimwamini, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutoa radhi ya mdomoni.

Wanawake wakaja. Wakamwosha, wakamvisha nguo mpya, shangazi akafukiza udi. Hina niliichanganya mimi, kazi yangu ya siku zote, nikaja nikakaa mbele yake na bakuli. Mama akainama kidogo, watu wasisikie.

"Mpe shangazi yako," akaniambia.

Nikampa shangazi bakuli, nikasogea pembeni. Mama aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile. Aliipenda hina yake kama zamani, na kila mara alipakwa na mtu mwingine.